Afonso Costa: Sheria ya Uhuru Iliyokosa Uhuru

Kila mwanafunzi wa seminari anafundishwa barua Rerum Novarum, ambayo Baba Mtakatifu Leo XIII aliitoa mwaka wa 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Tunafundishwa pia majina ya maaskofu na wakubwa walioipokea kwa furaha. Lakini ni mara chache tunapoambiwa juu ya watu walioisoma kwa uangalifu, mstari kwa mstari, kisha wakaikataa. Mmoja wao alikuwa kijana wa Ureno, jina lake Afonso Costa. Miaka kumi na mitano nyuma ya kuandika juu ya barua ile, kijana huyo akawa ministri, akaandika sheria iliyotikisa Eklezya ya nchi yake kuliko sheria nyingine yoyote ya wakati wake.

Katika vitabu vyetu vingi anaitwa adui tu, na habari yake inaishia hapo. Mimi naona haifai. Mtu anayetaka kufahamu kosa, anapashwa kwanza kufahamu ukweli uliochanganyika nalo. Mahakimu wa zamani walisema kwa Kilatini: audiatur et altera pars, maana yake upande wa pili nao usikilizwe. Basi, ndugu wasomaji, tumsikilize Afonso Costa, kisha tumhukumu kwa haki. Mwishoni tutaona kwamba hukumu ile inatugusa sisi wenyewe.

I. KITABU CHA KIJANA WA COIMBRA

Afonso Costa alizaliwa tarehe 6 Marsi 1871 huko Seia, mji mdogo wa milimani katika Ureno. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Coimbra, akapata udaktari mwaka wa 1895. Kitabu alichoandika kwa kupata udaktari huo kilishughulika na Eklezya na shida za wafanyakazi, na sehemu yake kubwa ni uchambuzi wa Rerum Novarum. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: Eklezya haiwezi kuponya shida hizo, na dawa itafutwe kwingine. Wakati ule alielekea mawazo ya soshialismu.

Angalieni jambo moja la ajabu. Wakati ule Ureno ilikuwa ufalme, na katiba ya mwaka wa 1826 ilisema wazi kwamba dini ya ufalme ni dini ya Katolika. Mfalme ndiye aliyechagua watu wa kufanywa maaskofu. Maparoko waliandika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, na vitabu hivyo ndivyo vilivyotumiwa na serkali. Katika nchi ya namna hiyo, katika chuo kikuu chenye kitivo cha teolojia, kijana anaandika kitabu cha kupinga barua ya Papa, na waalimu wanampa cheo cha daktari, tena nyuma ya muda mfupi anakuwa yeye mwenyewe mwalimu pale pale.

Jambo hilo linatufundisha nini? Linatufundisha kwamba jina la Katolika lililoandikwa katika katiba halikuwa imani iliyoandikwa mioyoni. Nyumba ilikuwa na rangi nzuri nje, lakini mchwa walikuwa ndani ya nguzo. Costa hakuwaleta mchwa hao. Aliwakuta.

II. AVOKA ANAKUWA MINISTRI

Costa alikuwa avoka hodari na msemaji mkali. Mwaka wa 1899 watu wa Porto walimchagua kuwa mjumbe katika baraza la taifa, upande wa chama cha republika. Uchaguzi ule ukafutwa, nao wakamchagua tena mwaka wa 1900. Katika Novemba 1906 alisimama barazani na kumshitaki mfalme Carlos juu ya pesa za serkali ambazo jamaa ya mfalme ilipewa bila ruhusa ya baraza. Akakumbusha mambo yaliyompata mfalme Louis XVI wa Ufaransa, aliyekatwa kichwa. Askari wakaitwa, wakamtoa nje. Tarehe 28 Januari 1908 alikamatwa kwa sababu ya mapinduzi yaliyoshindwa, na siku nne nyuma yake mfalme na mwana wake mkubwa waliuawa kwa risasi katika mji wa Lisbon, Costa mwenyewe akiwa gerezani.

Tarehe 5 Oktoba 1910 ufalme ulianguka. Serkali ya muda iliundwa, na Teófilo Braga akawa mkuu wake. Costa alipewa kazi ya ministri wa hukumu na wa mambo ya dini. Hakungoja hata wiki moja. Tarehe 8 Oktoba alifufua sheria za zamani za kuwafukuza Wayezuiti na kufunga mashirika ya watawa. Tarehe 3 Novemba alitoa sheria ya kuvunja ndoa. Siku ya Noeli ile ile alitoa sheria za jamaa, zilizofanya ndoa kuwa mapatano mbele ya serkali tu. Katika Februari 1911 kuandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa kukawa kazi ya serkali.

Hapa tusiwe vipofu. Sisi Wakatolika hatuwezi kukubali kwamba sheria ya watu yafungua kifungo alichofunga Mungu. Lakini katika sheria zile mlikuwa pia na mambo ya haki. Ziliondoa ile desturi ya kumhukumu mke mzinzi kwa ukali na kumhurumia mume mzinzi. Ziliwapa watoto waliozaliwa nje ya ndoa njia ya kumtafuta baba yao na kupata msaada kwake. Padri mwenye kukaa saa nyingi katika kiti cha kitubio anajua machozi ya wanawake na watoto wa namna hiyo. Kwa nini walingoja mpaka adui wa Eklezya awakumbuke? Swali hilo si la Costa. Ni letu.

III. SHERIA YA TAREHE 20 APRILI 1911

Sasa tufike kwenye kazi yake kubwa, yaani Sheria ya kutenga Serkali na Eklezya. Ilitolewa tarehe 20 Aprili 1911, mbele ya katiba mpya kupigiwa kura na mbele ya baraza jipya kukutana. Sheria nzito kama hiyo ilitoka kwa ministri, haikutoka kwa wajumbe wa watu.

Mwanzo wake ni mzuri. Unasema kwamba kila mtu ana uhuru wa dhamiri, na kwamba dini ya Katolika si dini ya serkali tena. Mtu anayesoma mwanzo huo peke yake anaweza kusema: hapa hakuna ubaya mkubwa, Eklezya isiachwe ikijitegemea? Lakini inaomba kusoma sheria mpaka mwisho.

Mali yote ya Eklezya, ndiyo makanisa, nyumba za maaskofu, seminari na mashamba, ilifanywa mali ya serkali. Eklezya iliweza tu kuazimwa makanisa yake yenyewe kwa kusali ndani. Kazi ya kutunza ibada ilipewa vyama vya watu wasio mapadri, na padri hakuwa na ruhusa ya kuingia katika uongozi wa vyama hivyo. Padri alikatazwa kuvaa kanzu yake njiani. Maandamano ya dini nje ya kanisa na mlio wa kengele viliwekwa chini ya amri ya wakubwa wa serkali. Seminari zilizoruhusiwa kufundisha teolojia zilikuwa tano tu kwa nchi nzima. Barua za maaskofu na za Papa hazikuweza kutangazwa bila kibali cha serkali. Mapadri waliahidiwa pesa za pensioni, na sheria iliangalia hata wajane na watoto wa mapadri, kana kwamba inawakaribisha wavunje ahadi yao.

Kosa kubwa la sheria hii liko wapi? Watu wengi husema kosa lake ni kutenga. Mimi nasema kosa lake ni kwamba haikutenga. Kile kibali cha kutangaza barua za maaskofu kilikuwa desturi ya wafalme. Wafalme walidai kibali hicho kwa sababu walijiita walinzi wa Eklezya: walilisha, wakafunga kamba. Costa aliondoa chakula, akaacha kamba, tena akaikaza. Kama serkali haina dini, itajuaje barua ya askofu ni nzuri ao mbaya? Kama serkali imejitenga na altare, kwa nini inahesabu seminari, na kupima urefu wa kanzu, na kusikiliza saa ya kengele? Mume aliyemwacha mke wake hawezi kuendelea kumwamuru apike nini.

Kwa hiyo sheria inajipinga yenyewe. Sura yake ya kwanza inatoa uhuru, na sura zinazofuata zinaurudisha nyuma. Ndiyo sababu Baba Mtakatifu Pio X, katika barua Iamdudum ya tarehe 24 Mei 1911, aliikataa wazi. Na ndiyo sababu mapadri wengi sana wa Ureno, ambao jana yake waliishi kwa mshahara wa mfalme, walikataa pensioni ile. Wengi wao hawakuwa mashujaa. Walikuwa watu wa kawaida, wenye deni na wazazi wazee. Lakini waliona kwamba mkate ule ulikuwa na ndoana ndani yake.

Husemwa pia kwamba Costa alijisifu kuwa nyuma ya vizazi viwili dini ya Katolika itakuwa imekwisha katika Ureno. Maneno haya yamerudiwa katika mahubiri mengi. Lakini wataalamu hawapatani kama aliyasema kweli. Alikuwa faramasoni, na hakuficha kwamba aliona mapadri kuwa kizuizi cha maendeleo. Basi tumhukumu kwa sheria aliyotia sahihi yake, tusimhukumu kwa neno lisilo na shahidi wa kutosha. Uongo hautetei kweli, hata kama umesemwa juu ya adui.

IV. ASKOFU ALIYETOKA KONGO

Mbele ya sheria ile kutoka, maaskofu wote wa Ureno walikuwa wameandika pamoja barua ya kichungaji kwa waamini. Serkali ikakataza isisomwe. Maparoko wengine wakaogopa, wengine wakaisoma. Askofu wa Porto, António Barroso, aliamuru isomwe katika jimbo lake.

Jina hilo si geni kwetu, ama halipaswi kuwa geni. Barroso alizaliwa mwaka wa 1854 katika jamaa ya wakulima wa kaskazini ya Ureno. Alipokuwa padri kijana, alifika Mbanza Kongo mwaka wa 1881, mji ambao Wareno waliuita São Salvador, makao ya wafalme wa Kongo wa zamani. Misioni ya pale ilikuwa imelala kwa muda mrefu. Yeye aliifungua tena, akakaa huko mpaka mwaka wa 1888. Kisha alitumwa Msumbiji, na nyuma yake Bara Hindi, ndipo mwaka wa 1899 akafanywa askofu wa Porto. Alijulikana kwa umaskini wake na kwa kuwapa maskini hata vile alivyovihitaji mwenyewe.

Katika Marsi 1911 aliitwa Lisbon, na Afonso Costa mwenyewe ndiye aliyemwuliza maswali. Fikirini mkutano ule: upande mmoja ministri wa miaka arobaini, mwenye elimu nyingi na nguvu zote za serkali, upande mwingine mmisionari mzee, ambaye alikuwa amezoea homa za Afrika kuliko maneno ya maavoka. Barroso hakukana kwamba ndiye aliyetoa amri. Serkali ikatangaza kwamba yeye si askofu wa Porto tena, ikamfukuza katika jimbo lake.

Hapa sheria ilionyesha sura yake ya kweli kabla haijatolewa. Serkali iliyosema kwamba dini si kazi yake ilijipa uwezo wa kumvua askofu uaskofu! Nyuma ya mwaka mmoja, karibu maaskofu wote wa Ureno walikuwa wamefukuzwa katika majimbo yao. Barroso alirudi mwaka wa 1914, akafukuzwa tena mwaka wa 1917, akarudi, akafa Porto tarehe 31 Agosti 1918. Mwaka wa 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa, na sasa anaitwa Mheshimiwa.

V. RAFIKI WA WAFANYAKAZI?

Nyuma ya katiba ya mwaka wa 1911, chama cha republika kiligawanyika, na Costa akawa mkuu wa sehemu iliyo na nguvu kuliko zote, iliyoitwa chama cha demokrasi. Tarehe 9 Januari 1913 akawa ministri wa kwanza, na pamoja na cheo hicho akashika mambo ya fedha. Tumpe sifa yake: alikuwa mtu wa hesabu. Alipunguza matumizi, akakaza makusanyo ya kodi, hata hesabu za serkali zikaonyesha ziada, jambo ambalo Wareno hawakulizoea.

Lakini tukumbuke kitabu cha mwaka wa 1895. Huyu ndiye aliyesema kwamba Eklezya haiwezi kuwasaidia wafanyakazi. Sasa yeye ana uwezo. Aliwafanyia nini? Wafanyakazi walipogoma, aliwatia viongozi wa masindika gerezani, mpaka watu wakampa jina la mpasua masindika. Leo XIII alifundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana, na kwamba haki hiyo inatoka katika maumbile ya mtu, si zawadi ya serkali. Yule aliyedharau fundisho hilo kuwa dogo mno hakuweza kulitimiza hata hilo dogo.

Jambo la pili ni kura. Katika mwaka wa 1911 sheria iliwaruhusu kupiga kura watu wanaojua kusoma, na pia wakubwa wa jamaa wasiojua kusoma. Kwa kuwa sheria haikusema mwanaume ao mwanamke, daktari mmoja mjane, Carolina Beatriz Ângelo, alidai haki yake mbele ya hakimu, akapiga kura. Mwaka wa 1913, Costa akiwa mkuu wa serkali, sheria ilibadilishwa: wapige kura wanaume tu, tena wale tu wanaojua kusoma na kuandika. Karibu robo tatu ya watu wa Ureno hawakujua kusoma. Basi republika iliyokuja kwa jina la watu iliwafungia watu mlango. Kwa nini? Kwa sababu wakulima wa vijijini waliwasikiliza mapadri wao, na Costa aliogopa kura zao. Hapo tunaona kwamba anayeanza kwa kuogopa padri anamaliza kwa kuogopa watu.

Na tusisahau Afrika. Katika Novemba 1913 kutenga Eklezya kulipelekwa hata katika makoloni, na serkali ikataka kutuma wamisionari wasio na dini, wa kufundisha ustaarabu pasipo Injili. Wayezuiti wa Zambezi walikuwa wamekwisha kuondolewa. Katika sheria hiyo Waafrika hawakuulizwa neno, wala na wenye dini wala na wasio na dini. Uhuru wa dhamiri ulioandikwa Lisbon haukuvuka bahari. Kilichovuka ni amri.

VI. VITA NA ANGUKO

Vita vikuu vilipoanza mwaka wa 1914, Costa aliona kwamba republika yake itaheshimiwa na mataifa kama ikipigana upande wa Uingereza na Ufaransa. Katika Februari 1916 serkali yake ilizikamata meli za Wajerumani zilizokuwa katika bandari za Ureno, na tarehe 9 Marsi Ujerumani ikatangaza vita. Mwaka uliofuata, Wareno zaidi ya elfu hamsini walipelekwa Ufaransa. Wengi wao walikuwa wakulima waliokosa kura kwa sababu hawakujua kusoma. Sasa walionekana wanafaa kufa. Serkali ilibidi hata kukubali mapadri wafuate askari vitani, maana askari anayengoja kifo katika handaki haombi kitabu cha sheria, anaomba Sakramenti.

Tangu Aprili 1917 Costa alikuwa tena ministri wa kwanza. Katika Mei, njaa ilileta fujo katika mji wa Lisbon. Na katika Mei ile ile, tarehe 13, watoto watatu wachungaji wa Fatima walisema wamemwona Bibi mwenye kung'aa. Miezi yote sita, kutoka Mei mpaka Oktoba, mtu aliyetawala Ureno alikuwa Afonso Costa. Tarehe 13 Agosti mkubwa wa serkali wa wilaya, Artur de Oliveira Santos, aliwachukua watoto wale na kuwazuia ili waseme walidanganya. Hawakusema hivyo. Sisemi kwamba Costa ndiye aliyemwamuru. Nasema tu kwamba alikuwa ameandika sheria juu ya kengele, kanzu na maandamano, na sasa maelfu ya watu walitembea kwa miguu mpaka shambani, mahali pasipo na kengele wala kanisa. Sheria yake haikuwa na sura ya kukataza jambo la namna ile.

Mwisho ulikuja upesi. Tarehe 25 Novemba 1917 majeshi ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki yalivuka mto Ruvuma, yakawashinda Wareno huko Ngomano katika Msumbiji. Tarehe 5 Desemba ofisa wa jeshi Sidónio Pais alianza mapinduzi katika Lisbon. Costa alikamatwa Porto, mji uleule uliokuwa umemchagua mara ya kwanza, mji wa askofu aliyemfukuza. Alifungwa katika ngome ya Elvas kwa miezi michache, kisha akaenda kukaa Paris. Sidónio Pais akalainisha Sheria ya kutenga katika Februari 1918, na mwaka huo huo Ureno ikapatana tena na Roma. Mpanda ngazi hushuka.

Costa hakukosa heshima nyuma ya hapo. Mwaka wa 1919 alikuwa mkuu wa wajumbe wa Ureno katika mapatano ya amani ya Versailles, na katika Marsi 1926 aliongoza mkutano wa Shirika la Mataifa huko Geneva. Lakini hakurudi tena kutawala nchi yake. Nyuma ya mapinduzi ya askari ya tarehe 28 Mei 1926 alipinga udikteta kutoka ugenini, naye akafa Paris tarehe 11 Mei 1937. Katika jambo hili la mwisho alikuwa upande wa haki, nasi tukiri bila kusitasita.

VII. HUKUMU

Kama habari ingeishia hapa, tungeweza kufunga kitabu kwa furaha: adui ameanguka, Eklezya imesimama. Lakini mtu anayehukumu kwa haki hafungi kitabu mahali panapompendeza.

Aliyetawala Ureno nyuma ya hapo alikuwa António Salazar, ambaye katika ujana wake alisoma seminari. Mwaka wa 1940 alifanya mapatano na Baba Mtakatifu. Eklezya ikapata heshima yake, ndoa ya kanisa ikatambuliwa, misioni zikapata pesa. Wengi wakapumua. Lakini katika mapatano juu ya misioni iliandikwa kwamba maaskofu wa makoloni wawe Wareno, na misioni ziingie katika mpango wa utawala wa Ureno. Kamba ilirudi, safari hii ikiwa imefungwa kwa hariri. Mwaka wa 1961 vita vilipowaka kaskazini ya Angola, watu maelfu kwa maelfu wa nchi ile aliyoihubiri Barroso walikimbilia kwetu Kongo, nao wengi wakauliza: Eklezya ya Wareno inasema nini? Mara nyingi ilinyamaza. Mwaka wa 1971 Mapadri Weupe waliondoka Msumbiji kwa hiari yao, maana hawakutaka kunyamaza tena.

Na hapa sikilizeni neno ambalo ni kiini cha maandishi haya. Mwaka wa 1958 askofu mwingine wa Porto, António Ferreira Gomes, alimwandikia Salazar barua juu ya umaskini wa watu na haki za wafanyakazi. Mwaka uliofuata alizuiwa kurudi katika nchi yake, akakaa ugenini miaka kumi. Maaskofu wawili wa Porto, wote wawili wakiitwa António: mmoja alifukuzwa na adui wa Eklezya, mwingine na mtu aliyejiita rafiki yake. Wa kwanza aliadhibiwa kwa sababu ya barua. Wa pili naye kwa sababu ya barua.

Basi kosa la Afonso Costa halikuwa kwamba aliondoa taji la serkali kichwani mwa Eklezya. Taji lile lilikuwa zito, na lilitupofusha macho. Kosa lake ni kwamba alidhani serkali ndiyo inayogawa uhuru kama posho: kwa huyu kidogo, kwa yule hapana. Salazar naye alidhani hivyo hivyo, ila aligawa upande mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba uhuru wa dini una shina lake katika heshima ya mtu mwenyewe. Hautoki kwa ministri, wala hautoki kwa rafiki wa ministri. Fundisho hilo linamkosoa Costa, na linatukosoa na sisi, maana katika nchi nyingi tulipenda zaidi ulinzi kuliko uhuru.

Mwanafunzi wa seminari atakayekuwa padri kesho atakutana na wakubwa wa namna zote mbili. Atakutana na yule anayemkatalia kibanda cha kusalia, na atakutana na yule anayemletea mabati ya kanisa na kumwomba asiseme neno juu ya mshahara wa wachimba madini. Wa kwanza atamtambua mara moja. Wa pili hatamtambua upesi. Ndipo inaomba akumbuke wale maaskofu wawili wa Porto, na kile kibali cha kutangaza barua, ambacho wafalme walikianzisha, Costa akakishika, na Salazar akakitumia bila hata kukiita kwa jina lake.

Afonso Costa alisoma Rerum Novarum akasema haitoshi. Tusimjibu kwa kumtukana. Tumjibu kwa kuitimiza, kusudi mtu mwingine mwenye akili kama yake, akiangalia parokya zetu na wafanyakazi wetu, asipate sababu ya kuandika kitabu kile mara ya pili.